Mstari wa kwanza wa wimbo: tunaanza wapi sisi tunaoandika Kiswahili huku Lubumbashi?

Mwandishi_Katuba (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu wote, wakubwa na wadogo. Naomba uzi huu tuuache kwa jambo moja tu: mstari wa kwanza wa wimbo. Biti, video na mavazi vina nyuzi zake. Hapa tuongelee yale maneno ambayo mwimbaji anafungulia mdomo.

Ninaandikia waimbaji wa hapa Lubumbashi, Kongo, na vijana wengi wananiletea daftari au simu niwasomee. Wana sauti, wana mambo ya kusema, mtaa wanaujua. Lakini beti zao za kwanza zinafanana mno. "Leo nataka kuwaimbia." "Sikilizeni ujumbe huu." "Maisha ya dunia ni magumu." Jamani, msikilizaji anajua kwamba unaimba, maana anakusikia. Na kwamba maisha ni magumu anajua kukuzidi. Ile nafasi ambayo alikuwa ametega sikio kabisa imekwisha, na bado hujamwambia kitu.

Nawaletea mfano. Mwenyewe amenipa ruhusa:

*Leo nataka kuimba juu ya maisha*
*Maisha ya dunia ni magumu sana*
*Kila mtu anapambana na hali yake*
*Baba amepiga simu, anauliza bei ya unga*

Simameni kwenye mstari wa nne. Baba amepiga simu, basi hayuko nyumbani. Anauliza bei, basi pesa anayo kidogo, anaipimapima kabla ya kutuma. Sisi wa huku tunajua mahindi na unga mwingi tunaokula vinatoka Zambia, vinapita mpakani Kasumbalesa, na Zambia ikizuia kuuza nje, hakuna nyumba isiyozungumzia bukari, ugali wetu. Mstari haukutaja umaskini, haukutaja mapenzi ya baba kwa watoto, na vyote vimo. Tena nabaki nauliza: mtoto amemjibu nini? Amemwambia bei ya kweli, au ameipunguza ili baba asiumie?

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mstari wa kwanza ni deni. Msikilizaji akishausikia, anakudai: nani huyu, kumetokea nini, itakuwaje. Kiitikio kikija, kinalipa. Usipokopa mwanzoni, kiitikio kinakuja kulipa kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakidai, hata kikiwa kitamu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya nikipewa maneno ya mtu ni kufunika mistari miwili au mitatu ya juu kwa kiganja na kusoma kuanzia chini yake. Mara nyingi wimbo uko pale, unangoja. Ile ya juu ilimsaidia mwandishi kupata joto, ifutwe bila huruma.

---

Mdogo_wa_Ruashi

Asante sana, yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu huku). Lakini ukifuta ule utangulizi, mtu atajuaje wimbo unahusu nini?

---

Mwandishi_Katuba

Atajua polepole, mdogo wangu, na ndiyo raha yenyewe. Sikiliza watu kwenye basi. Jirani yako akipokea simu na kusema "Hapana, usimwambie mama kwanza," hujui ni nani wala ni nini, lakini huwezi tena kusikiliza kitu kingine. Hakuna aliyekupa utangulizi.

Halafu Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kitenzi chetu kimoja kinabeba watu na wakati kwa pamoja. Chukua *tulikuwekea*. Ndani yake tupo sisi, upo wewe, jambo limekwisha pita, na lilifanyika kwa ajili yako. Neno moja, na tayari kuna nyumba yenye watu na mtu mmoja asiyekuwepo. Sasa ongeza kitu cha kushikika:

*Tulikuwekea kiti, wageni wakakikalia*

Huo unaweza kuwa wimbo wa harusi ambayo kaka hakufika, au wimbo wa mtu aliyekwenda Ulaya, au wa mpenzi aliyechelewa mpaka nafasi yake ikachukuliwa. Sijasema ni upi. Ubeti utasema.

Linganisha na "Mapenzi ni kitu cha ajabu". Pale kuna jina na sifa, hakuna anayefanya lolote. Sisemi wimbo usianze na jina, zipo nyimbo nzuri zinazoanza hivyo. Nasema ukikwama, tafuta kitenzi chenye watu wawili ndani yake: *ulinikuta, umeniachia, walikuficha, nilikungojea.* Kikishatoka mdomoni, ugomvi au mapenzi yameanza.

---

Fundi_Studio

Mimi ni mtu wa mashine, acha niseme la upande wangu. Maneno mengi yanakuja mazuri kwenye karatasi, yakifika kwenye maikrofoni yanaharibika. Kijana anatunga sauti kwa la-la-la, anaipenda, halafu anasukumia maneno humo kwa nguvu. Unasikia "mape-NZI ya-KO", "moyo wa-NGU". Mstari wa kwanza ukitoka hivyo, mtu anasikia kuna kitu kimepinda hata kama hawezi kukitaja, na anaruka kwenye wimbo unaofuata. Kwenye Spotify wimbo unahesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Wengi hawafiki huko.

---

Mwandishi_Katuba

Fundi umegusa penyewe, naomba nikae hapo kidogo.

Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ma-PE-nzi, YA-ko, MO-yo, WA-ngu. Kifaransa kinapeleka uzito mwisho wa neno au wa kifungu. Sisi huku tumesoma shule kwa Kifaransa, tumekua na nyimbo za Kifaransa redioni, kwa hiyo mtu akitunga la-la-la, mara nyingi uzito unamjia mwishoni. Maneno ya Kiswahili yakiingizwa humo yanavunjika mgongo. Sauti yako si mbaya na neno lako si baya, ila havikukutana.

Dawa yake ni kupiga makofi. Soma mstari kama unavyomwambia mtu, taratibu, piga kofi kila mkazo unapokuja:

tu-li-ku-we-KE-a KI-ti, wa-GE-ni wa-ka-ki-ka-LI-a

Makofi manne. Hayo ndiyo mapigo yako makubwa, sauti ijengwe juu yake. Angalieni pia kwamba kabla ya KE kuna silabi nne nyepesi. Hizo hazihitaji pigo, zinakimbia *kabla* ya pigo la kwanza, na KE inaangukia juu yake sawasawa. Vitenzi vyetu virefu vinakuja na mbio zake tayari. Mtu anayelazimisha *tu* ya kwanza iangukie pigo kubwa anaitupa hiyo zawadi, na anaanza kuimba akiwa amelemewa.

Na vokali. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa vokali, ndiyo maana Kiswahili kinaimbika. Lakini noti ya juu kabisa usiiweke kwenye *i* au *u* kama una namna nyingine, koo inabana. Ipe *a*, *o* au *e*. Kama mstari wako wa kwanza unapanda juu na neno la pale ni "wivu", ama shusha sauti ama tafuta neno lingine. Fundi wako atakushukuru.

---

Gitaa_Kavu

Watoto wangu, nasoma na nafurahi. Niongeze la zamani kidogo, maana mji huu una shule yake.

Enzi za sahani za muziki za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja wa sahani ya inchi kumi ulibeba kama dakika tatu, basi. Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya aliyezaliwa 1930, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Gitaa moja na sauti moja. Dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinacheza juu. Mpaka leo watu wa mbali wanajifunza ule mkono wake.

Nilichokipata mimi kwenye gitaa kavu, lile lisilo la umeme, ni hiki: gitaa likishafungua vizuri, sauti haina haja ya kuingia kwa vishindo. Inaingia inaongea. Kwa hiyo msihukumu mstari wa kwanza peke yake kwenye karatasi. Uliza kabla yake kulikuwa na nini. Kama gitaa limelia kwa muda, mtu amekwisha jua kuna huzuni, usimwambie tena "nina huzuni". Mwambie jambo. Kama hakuna ala na sauti inaanza yenyewe kwenye ukimya, hapo mstari ubebe kila kitu, hata sauti ya kuita: *ee mama, ee ndugu.*

Mimi hupiga utangulizi, naacha kidole kwenye uzi wa mwisho, halafu nasema neno la kwanza ambalo ningemwambia mtu aliyekaa karibu yangu. Nikiona siwezi kumwambia mtu vile, siwezi kuimba vile.

---

Rumba_Kamalondo

Papa, heshima zako. Lakini mnaongea kama vile hakuna anayelipa. Mabanga je, yale majina ya wafadhili yanayotajwa ndani ya wimbo? Mwenye pesa ya studio anataka jina lake lisikike mwanzo kabisa, kabla ya neno lolote. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi mwaka 2021, imeishi na majina hayo. Ukimnyima, kesho unarekodi na nini?

Tena sikubaliani kwamba kila wimbo uanze na kisa. Wimbo wa harusi, watu wako na sahani mkononi, shangazi yuko katikati anacheza. Ukianza "baba amepiga simu" nani atacheza? Pale salamu inatosha.

---

Mwandishi_Katuba

Kaka, pesa ya studio naijua, sitaidharau. Anayelipa ana haki ya kusikia jina lake. Naona njia mbili. Ya kwanza, jina litamkwe juu ya gitaa, kabla mwimbaji hajaanza kuimba, halafu lirudi kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, ambako kuna nafasi ya majina yote ya mji. Hapo mstari wa kwanza unabaki wa wimbo.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Mtie ndani ya kisa. Badala ya "Papa fulani, mwenye magari", mwambie "Papa fulani, fungua mlango, mvua inatunyeshea." Jina lake limekuwa la kwanza kama alivyotaka, lakini sasa yeye ndiye mwenye mlango, sisi tuko nje, na watu wanangoja kuona kama atafungua. Mdhamini mwenyewe ataupenda zaidi, maana watu wataimba wakimwomba mlango, hata wasiomjua.

Kwenye harusi sikufuati mpaka mwisho, lakini kidogo nakufuata. Wimbo wa kuchezwa unahitaji mlango mpana. Bado salamu inaweza kuwa na mtu. "Wageni wote karibuni" ni tangazo la mshereheshaji. "Shangazi, vua viatu, uwanja ni wako" ni salamu vilevile, tena na shangazi wa watu ameshaamka.

---

Rumba_Kamalondo

Huo wa shangazi naununua. Wa kisa kwenye harusi bado nakataa.

---

Dada_wa_Kadutu

Hodi, mimi niko Bukavu. Nimesoma yote, nataka kuuliza kama mmewahi kusikiliza kilio kwa sikio la mwandishi. Najua ni jambo zito, ninalileta kwa heshima.

Mama anayelia kwenye kilio haanzi kwa kusema kifo ni kibaya. Anamwita aliyekufa, anamuuliza. "Umeacha chungu motoni, nani ataepua?" "Uliniambia unarudi jioni, jioni gani hii?" Wote waliokaa wanapasuka, hata waliokuja kwa ajili ya heshima tu. Mimi naona shule ya mstari wa kwanza iko pale, na walimu wake hawajawahi kushika kalamu.

---

Mwandishi_Katuba

Dada yangu, asante kwa kulileta. Ni kweli kabisa, na ningependa kila kijana anayeandika asome maneno yako mara mbili.

Angalieni kinachotendeka. Anamwita mtu mmoja, hahubirii umati. Anataja kitu kilichoko mbele ya macho, chungu. Na anauliza swali ambalo aliyeulizwa hawezi kulijibu, kwa hiyo linabaki juu ya sisi tuliosikia. Swali la namna hiyo ni zito. Maswali ya "Kwa nini dunia iko hivi?" hayamgusi mtu, maana hayana wa kuulizwa. Uliza mtu. Uliza juu ya kitu.

Naomba tu tusichukue maneno halisi ya mfiwa na kuyapeleka studio. Tujifunze namna, maneno tumwachie mwenyewe.

---

Kwaya_Sauti_ya_Pili

Bwana asifiwe. Sisi tunaimba kwaya, watu arobaini. Hatuwezi kuanza na "viti vyangu" na "simu ya baba". Na tukianza na sifa za Mungu, mnasema ni maneno ya jumla. Tufanyeje?

---

Mwandishi_Katuba

Amina, mpendwa. Kwaya ina *sisi*, na *sisi* ina nguvu sana ikiwa imefanya kitu. Badala ya "Wewe ni mwema, wewe ni mkuu", ambayo itakuja vizuri kwenye kiitikio, anzeni na siku mliyokutana naye. Najaribu hapa hapa:

*Tulikuja na ndoo tupu, ukatuuliza majina*

Tumezoea foleni ya maji, kila mtu anayesikia anaijua ndoo tupu. Tulitaka maji, tukaulizwa majina. Kwa nini majina? Hapo kwaya nzima ina jambo la kueleza. Na gawaneni: sauti ya kwanza ichukue nusu ya mwanzo, ninyi wa sauti ya pili muingie kwenye *ukatuuliza*, wote mkutane kwenye *majina*. Mkazo uko kwenye JI, na vokali ya mwisho ni *a*, mnaweza kuishikilia mpaka kiongozi achoke.

---

Msomaji_wa_Mwanza

Nawasoma nikiwa Tanzania, mada safi sana. Swali dogo: mkiimba Kiswahili cha huko, cha *batu* na *bintu*, na mkitaja mitaa yenu, sisi wa nje hatutapotea? Niliwahi kusikia wimbo unasema "soko ya Kenya" nikadhani mtu amesafiri.

---

Gitaa_Kavu

Kenya ni komuni ya hapa Lubumbashi, mwanangu, na soko lake ni kubwa. Usiogope kupotea. Sisi tumesikiliza nyimbo za Mombasa na Unguja miaka yote bila kujua mitaa yake, tukazipenda.

---

Mwandishi_Katuba

Papa amemaliza. Naongeza tu kwamba jina la mtaa peke yake halichori kitu, hata kwa sisi wenyewe. "Kenya" ni jina. "Kenya, pale wanapouza mikaa" ni mahali, na mtu wa Mwanza anaona mikaa. Kuhusu *ba* na *bi*, aimbaye aongee kama anavyoongea mtu aliye ndani ya wimbo. Mama wa Katuba akisema *watoto* kwa herufi zote za shuleni kwenye mstari wa kwanza, mtaa wake hautamwamini.

---

Mdogo_wa_Ruashi

Yaya, nimepata ujasiri. Naweka wa kwangu hapa, msinihurumie. Ni wa kaka yangu aliyekwenda Kolwezi kuchimba madini.

*Ndugu yangu ulienda mbali sana*
*Ulituacha na majonzi moyoni*
*Kila siku tunakukumbuka ee*
*Rudi nyumbani tunakungoja*

---

Mwandishi_Katuba

Asante kwa kutuamini, mdogo wangu. Hapa nimefunika kwa kiganja kutoka juu mpaka chini, sijaupata wimbo bado. Maana yake uko kwako, haujafika kwenye karatasi. Maneno haya yangeweza kuimbwa na mtu yeyote kwa ndugu yeyote. Naomba unijibu kama unavyosimulia, usitafute maneno mazuri. Siku ile aliondoka vipi? Alibeba nini? Nani alikuwa wa kwanza kujua?

---

Mdogo_wa_Ruashi

Aliondoka alfajiri, hakuaga. Mama alidhani yuko kazini. Mimi ndiye nilijua wa kwanza kwa sababu nilitafuta viatu vyangu vya shule sikuviona. Vyake vilikuwa vimepasuka, alichukua vyangu. Siku hiyo nilienda shule na kandambili za mama.

---

Fundi_Studio

Andika hivyo hivyo!

---

Mwandishi_Katuba

Wimbo ndio huo, ametupatia mwenyewe. Sasa tuupunguze polepole.

*Ulienda na viatu vyangu*

u-li-E-nda na vi-A-tu VYA-ngu. Makofi matatu, na mikazo imeangukia *e*, *a*, *a*, vokali zilizo wazi zote. Unaweza kuuimba juu au chini. Tazama "vyangu" inavyofanya kazi: bila hilo neno ni habari ya msafiri, nalo likiwepo kuna ndugu wawili, mmoja amechukua, mwingine amebaki. Kuna hasira kidogo pale, na mapenzi mengi. Hasira usiitoe. Wimbo wa kumkumbuka mtu usio na hata chembe ya kumlaumu unakuwa kadi ya salamu.

Nusu ya pili ndiyo tuijadili.

---

Rumba_Kamalondo

*Ulienda na viatu vyangu, nikabaki na njia.* Hapo kuna ushairi.

---

Dada_wa_Kadutu

Ni mzuri, lakini nikiusikia namwona mwandishi, simwoni mtoto. Mtoto wa shule hasemi "nikabaki na njia". Anasema amevaa nini. Kandambili za mama ndizo zilizoniuma mimi.

---

Mwandishi_Katuba

Niko na dada. Mstari wa kaka Rumba ungefaa ubeti wa tatu, mwimbaji akiwa mtu mzima anakumbuka. Mwanzoni tumpe mtoto sauti yake:

*Ulienda na viatu vyangu, nikaenda shule na vya mama*

Kuna *ulienda* na *nikaenda*, safari mbili za asubuhi moja, moja ndefu na moja fupi. Hatujataja Kolwezi, hatujataja shimo, hatujataja majonzi. Darasa zima litamwona yule kijana miguuni, na kila anayesikiliza atajiuliza huyo aliyechukua viatu alikuwa anakimbilia nini.

Nasema *vya mama* tu, kandambili nimeziacha nje. Ukizitaja, makofi yanaongezeka na mstari unakuwa mzito mwishoni. Ziweke kwenye mstari wa pili, walimu na wanafunzi wakianza kuziangalia.

---

Mdogo_wa_Ruashi

Yaya, kwetu tunasema *biatu*. Niimbe *biatu byangu*?

---

Mwandishi_Katuba

Imba kama unavyomwambia kaka yako. Mkazo haubadiliki: bi-A-tu BYA-ngu. Nusu ya pili ifuate hivyo hivyo, *na bya mama*. Jirekodi kwa simu namna zote mbili bila biti, umpe mtu wa nyumbani asikilize, umuulize ni ipi inasikika kuwa wewe. Mimi nadhani ni *biatu*.

---

Msomaji_wa_Mwanza

Nimeelewa *biatu* bila shida yoyote. Na kiitikio je? Mlisema kinalipa deni.

---

Mwandishi_Katuba

Ndiyo, na hapa deni liko wazi: viatu. Msikilizaji anangoja kuona kama vitarudi, na mwenye navyo pia. Kwa hiyo "Rudi nyumbani tunakungoja" tuibadilishe kidogo tu, maana nusu ya kwanza ya maneno yako ilikuwa sawa tangu mwanzo:

*Rudi, hata miguu mitupu*

RU-di, HA-ta mi-GU-u mi-TU-pu. Amesamehewa viatu. Hatuhitaji kusema "nakupenda" wala "nimekusamehe". Na kwa mtu aliyekwenda kuchimba akitafuta pesa, kuambiwa arudi hata bila kitu ni jambo kubwa sana kwa familia zetu, mnajua wenyewe wangapi hawarudi kwa aibu ya mikono mitupu. Kama *u* nyingi za mwishoni zitakubana, shusha sauti kwenye *mitupu*, umalizie chini kama mtu anayemnong'oneza. Kule juu weka *hata*.

---

Gitaa_Kavu

Mtoto, ukitaka gitaa la huo wimbo, nitakupigia. Utangulizi mfupi, usiwe na kilio kingi, maneno yamekwisha kulia.

---

Mdogo_wa_Ruashi

Papa, asante sana sana. Yaya, asanteni wote. Nimemwimbia mama ule mstari wa kwanza. Ameniambia kandambili zilikuwa za bluu, niziweke bluu.

---

Mwandishi_Katuba

Ziweke bluu. Basi mstari wa pili umeshapata rangi, utafute sasa nani alikuwa wa kwanza kuziona pale shuleni na alisema nini. Ukimaliza ubeti mzima ulete hapa, usisubiri ukamilike sana. Na fundi, akija kwako tafadhali usimjazie makelele kabla ya *ulienda*. Gitaa la papa, pumzi, halafu neno.

---

Fundi_Studio

Nimeandika. Gitaa, pumzi, neno.

---

Rumba_Kamalondo

Mimi naleta wa harusi kesho, ule wa shangazi. Nimeshaanza kuupigia makofi, ila neno "uwanja" linanisumbua, mkazo unakuja mapema kuliko ngoma yangu.

---

Mwandishi_Katuba

Jaribu "katikati", ka-ti-KA-ti: *Shangazi, vua viatu, katikati ni pako.* Utapata silabi mbili za kukimbilia kabla ya ngoma.